Janet Travell: Tabibu aliyewaamini waliolalamikia mabega

Jua linapochomoza juu ya miteremko ya Mlima Kenya, kuanzia Imenti hadi Runyenjes, wachumaji wa majanichai huwa tayari wamezama mashambani, vikapu vikiwa mgongoni. Vidole hukwanyua majani mawili na chipukizi lake, mkono hupaa na kuyarusha nyuma ya bega hadi kikapuni, kisha hushuka kuanza upya. Mwendo huo hurudiwa mara nyingi mno kabla ya majani kufikishwa kwenye kituo cha kupimia.

Huko Igembe, wavunaji wa miraa hukwea miti na kunyoosha mikono juu ya vichwa vyao wakitafuta vitawi vichanga. Nako katika vijiji vya Meru na Embu, kina mama wengi wamezoea kubeba kuni na mitungi ya maji kwa ukanda unaopitishwa kichwani, mzigo wenyewe ukiegemea mgongoni.

Usiku, kazi ikishaisha, bega hudai malipo yake. Maumivu huanzia nyuma ya bega, yakateremka mkononi hadi kwenye kidole gumba, au yakapanda shingoni hadi kwenye kipaji. Hakuna jeraha wala uvimbe. Picha ya eksirei haionyeshi kitu. Mwenye kuumwa huambiwa kwamba ni baridi, au ni uzee, na wakati mwingine hushukiwa kuwa anakwepa kazi.

Daktari aliyetumia zaidi ya nusu karne kueleza kwamba maumivu ya aina hiyo yana chimbuko, na kwamba chimbuko hilo laweza kuguswa kwa kidole, alikuwa Mmarekani Janet Travell. Ulimwengu ulimjua zaidi kama mwanamke wa kwanza kuwa daktari binafsi wa rais wa Marekani. Hata hivyo, waganga wa viungo humkumbuka kwa jambo jingine: alichora ramani ya maumivu ya misuli, ramani ambayo imewafikia hata watu wanaojikanda mabega kwa mpira wa tenisi bila kuwahi kusikia jina lake.

Binti wa daktari

Janet Graeme Travell alizaliwa jijini New York tarehe 17 Desemba 1901. Baba yake, Willard Travell, alikuwa daktari, naye Janet na dada yake Virginia wakafuata nyayo zake. Katika zama hizo mwanamke aliyetaka kusomea udaktari alihesabiwa kuwa mtu wa ajabu, lakini nyumbani kwa akina Travell jambo hilo halikuonekana kuwa kioja.

Alihitimu katika Chuo cha Wellesley mwaka wa 1922, mwaka uo huo ambao daktari Mskoti Clive Irvine alianzisha kazi ya tiba ya misheni huko Chogoria, upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Miaka minne baadaye, mwaka wa 1926, Travell alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Cornell jijini New York.

Mwaka wa 1929 aliolewa na John Powell, mshauri wa masuala ya uwekezaji, wakajaliwa mabinti wawili. Katika kazi yake aliendelea kutumia jina la ukoo wa baba yake.

Kwa miaka mingi Travell alifundisha elimu ya dawa huko Cornell, huku akichunguza dawa za moyo. Hakuna aliyemtarajia kujishughulisha na misuli. Misuli ilikuwa kama mtoto yatima katika vyuo vya udaktari: mifupa ilikuwa na mabingwa wake, neva zilikuwa na wake, moyo na mapafu vilevile, lakini nyama inayofunika mifupa hiyo yote, ambayo ni karibu nusu ya uzani wa mwili, haikuwa na mwenyewe.

Wagonjwa wa kifua na moyo

Katika miaka ya 1930 Travell alihudumu pia katika Hospitali ya Sea View, iliyowatunza wagonjwa wa kifua kikuu, na katika Hospitali ya Beth Israel, alikoshughulikia wagonjwa wa moyo. Mote mwili alikutana na jambo lililomshangaza. Watu waliokuwa na maradhi ya kuua hawakulalamikia mapafu wala moyo kwanza, bali walilalamikia mabega na mikono iliyowanyima usingizi.

Badala ya kuyapuuza malalamiko hayo, alianza kuwapapasa wagonjwa kwa vidole vyake. Ndani ya misuli alipata mishipi iliyokaza kama uzi wa gitaa, na katikati ya kila mshipi palikuwa na fundo dogo. Alipolibonyeza fundo hilo, mgonjwa aliruka. La ajabu zaidi ni kwamba mara nyingi maumivu hayakusikika pale penye kidole cha daktari, bali mahali pengine kabisa.

Ushahidi mwingine aliupata mwilini mwake. Bega na mkono wake wa kulia vilikuwa vimechoshwa na kazi, na alipoyabonyeza baadhi ya maeneo kandokando ya kombe la bega, maumivu yale yale yaliyokuwa yakimsumbua yaliteremka mkononi. Daktari akawa mgonjwa na mtafiti kwa wakati mmoja.

Hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Mwaka wa 1938, jijini London, John Kellgren alikuwa amechapisha matokeo ya majaribio ambamo maji ya chumvi yalidungwa ndani ya misuli ili kuona maumivu yangekimbilia wapi. Travell aliusoma utafiti huo na kuutumia kitandani mwa mgonjwa.

Mwaka wa 1942, akishirikiana na mtaalamu wa moyo Seymour Rinzler na mwenzao Myron Herman, alichapisha katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani makala kuhusu maumivu ya bega na mkono na jinsi ya kuyatibu kwa kudunga prokaini, dawa ya ganzi, ndani ya misuli. Mwaka wa 1952 yeye na Rinzler walichapisha makala nyingine iliyoonyesha kwa michoro namna kila msuli unavyotuma maumivu yake.

Mafundo hayo aliyapa jina linalotokana na kifyatulio cha bunduki. Kifyatulio huvutwa hapa, risasi ikaenda kutua kule. Ndivyo fundo la msuli lilivyo: hukaa nyuma ya bega na kuumiza mbele yake.

Mgonjwa aliyekuja kwa magongo

Mnamo Mei 1955, seneta kijana kutoka Massachusetts aliingia katika zahanati ya Travell jijini New York akitembea kwa magongo. Alikuwa John Kennedy. Alikuwa amefanyiwa upasuaji wa mgongo mwezi Oktoba 1954, akapata maambukizi yaliyokaribia kumuua, kisha akapasuliwa tena Februari 1955. Maumivu hayakuwa yameisha.

Travell hakuzungumzia upasuaji mwingine. Alipapasa misuli, akaidunga prokaini katika mafundo yake, kisha akamtazama mgonjwa anavyosimama na anavyoketi. Aligundua kwamba mguu mmoja wa seneta ulikuwa mfupi kidogo kuliko mwingine, hivyo akaagiza kisigino cha kiatu kiinuliwe. Aidha, alimshauri atumie kiti cha kubembea, kwa kuwa misuli inayosogezwasogezwa haikazi upesi kama ile inayotulizwa mahali pamoja.

Kiti hicho kikawa maarufu pengine kuliko daktari mwenyewe, na picha za Kennedy akibembea zilienea kote ulimwenguni. Wakenya nao walikuwa na sababu ya kumfuatilia mgonjwa huyo. Mnamo Julai 1960 Tom Mboya alimtembelea huko Hyannis Port kuomba msaada wa kuwasafirisha wanafunzi wa Afrika Mashariki kwenda kusoma Marekani, na wakfu wa familia ya Kennedy ukakubali kutoa dola 100,000.

Kennedy alipoingia Ikulu ya White House, alimteua Travell kuwa daktari wake mnamo Januari 1961. Hakuna mwanamke aliyewahi kushika wadhifa huo kabla yake.

Doa na mzozo

Cheo hicho hakikumletea heshima tupu. Wakati wa kampeni za mwaka wa 1960, Travell na daktari mwenzake Eugene Cohen walitia sahihi barua iliyousifu uzima wa Kennedy. Barua hiyo haikuwaambia wapigakura ukweli wote kuhusu ugonjwa wa mgombea huyo wa tezi zilizo juu ya figo. Mwanahistoria Robert Dallek aliporuhusiwa kuzisoma faili za matibabu mwaka wa 2002, zikiwamo kumbukumbu za Travell mwenyewe, umma ulifahamu jinsi rais huyo alivyokuwa mgonjwa na jinsi dawa alizotumia zilivyokuwa nyingi.

Hata kuhusu mgongo wenyewe palizuka mgogoro. Mnamo Mei 1961 Kennedy aliumia tena alipokuwa akishiriki upanzi wa mti huko Ottawa, Kanada. Travell aliendelea kumdunga prokaini. Madaktari wengine, miongoni mwao George Burkley wa jeshi la majini, waliona kwamba sindano zilituliza maumivu bila kuiimarisha misuli.

Mnamo Oktoba 1961 aliitwa Hans Kraus, daktari mzaliwa wa Austria ambaye pia alikuwa mkwea milima mashuhuri. Kraus alisisitiza mazoezi ya viungo na kutaka sindano zikomeshwe. Hali ya rais iliimarika. Travell alibaki na cheo chake, lakini usimamizi wa mgongo aliouhudumia tangu 1955 ulikuwa umemtoka mikononi.

Mzozo huo uliacha somo ambalo wataalamu hawalibishani sana siku hizi. Kulituliza fundo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuusogeza msuli, kuunyoosha na kuutia nguvu, pamoja na kuondoa kile kilichoukaza tangu mwanzo.

Baada ya mauaji ya Kennedy mwaka wa 1963, Travell alibaki White House chini ya Rais Lyndon Johnson hadi mwaka wa 1965. Mwaka wa 1968 alichapisha kitabu cha maisha yake. Aliendelea kufundisha katika Chuo Kikuu cha George Washington, na mwaka wa 1973 alifiwa na mumewe.

Kitabu cha uzeeni

Wengi katika umri huo wangestaafu na kupumzika. Travell alikuwa bado na deni. Alichokijua kuhusu misuli kilikuwa kimetawanyika katika makala na katika vidole vyake, na vidole havirithiwi.

Mshirika wake katika kulilipa deni hilo alikuwa David Simons, daktari wa jeshi la anga aliyepata sifa mnamo Agosti 1957 alipopaa kwa puto hadi kimo cha takriban kilomita 30 juu ya ardhi. Wakiwa pamoja walichapisha mwaka wa 1983 juzuu ya kwanza ya mwongozo wao kuhusu mafundo ya misuli, inayoshughulikia nusu ya juu ya mwili. Travell alikuwa na umri wa miaka 81. Juzuu ya pili ilitoka mwaka wa 1992, naye akiwa na miaka 90.

Katika kurasa hizo, msuli baada ya msuli, alama ya mkasi huonyesha fundo lilipo, na rangi nyekundu huonyesha maumivu yanakokwenda. Msuli mpana unaotoka shingoni hadi begani hupeleka maumivu ubavuni mwa shingo na kwenye kipaji. Ule unaofunika kombe la bega huumiza sehemu ya mbele ya bega na kuteremsha maumivu mkononi, kiasi kwamba mgonjwa hawezi kulalia upande huo wala kupeleka mkono mgongoni. Anayesugua sehemu ya mbele ya bega lake kila usiku kwa dawa ya kuchua huenda anafukuza moshi, ilhali moto unawaka nyuma.

Mpira na ukuta

Kitabu hicho hakikuishia kwenye sindano. Kilieleza pia kubonyeza kwa kidole gumba, kunyoosha msuli baada ya kuupulizia dawa ya baridi, na kujitibu nyumbani. Kwa mafundo ya mgongoni ambayo mkono haufiki, mgonjwa alielekezwa kutumia mpira wa tenisi.

Njia yenyewe ni rahisi. Mtu husimama na kuupa ukuta mgongo, akauweka mpira kati ya ukuta na nyama iliyo juu ya kombe la bega, akauegemea pole pole hadi alipate fundo. Hulibonyeza kwa kiasi kinachovumilika kwa nusu dakika hadi dakika moja, huku akipumua bila kujikaza, kisha hupumzika. Baadaye huweka kitambaa cha maji moto na kulizungusha bega taratibu. Mpira ukitiwa ndani ya soksi hauanguki. Uti wa mgongo, mfupa wenyewe na sehemu ya mbele ya shingo havibonyezwi.

Miongoni mwa waliousoma mwongozo huo alikuwa Clair Davies, fundi wa kurekebisha piano aliyesumbuliwa na bega. Alijitibu kwa kuufuata, kisha mwaka wa 2001 akachapisha kitabu kilichoyaeleza mambo hayo kwa lugha ya watu wa kawaida. Siku hizi maduka huuza vifaa vingi vya kazi hiyo: fimbo zilizopinda kama ndoana za kufikia mgongo, magogo ya sponji ya kulalia, na mashine za umeme zinazoshikwa kama bastola ili kutetemesha misuli. Bei zake hutofautiana sana, lakini wazo ni lile lile la mpira na ukuta: kulibonyeza fundo kwa kipimo, kisha kuuachilia msuli.

Si kila mtaalamu anayekubaliana na Travell. Wapo wanasayansi wanaodai kwamba maelezo yake kuhusu asili ya mafundo hayo hayajathibitishwa, na mwaka wa 2015 watafiti kadhaa walichapisha uhakiki mkali wa nadharia hiyo. Wengine huona kwamba kubonyeza kunaleta nafuu, ila nafuu yenyewe huwa ya muda iwapo mazoezi hayakufuata.

Fauka ya hayo, si kila bega linaloumwa lina fundo. Travell mwenyewe alitoka katika wodi za moyo, na alijua kwamba maumivu ya bega na mkono wa kushoto yanayoandamana na kubanwa kifua, jasho au kukosa pumzi yaweza kuwa dalili ya mshtuko wa moyo. Hayo hayangojei mpira wala mkandaji. Bega lililoanguka au kugongwa, mkono uliokufa ganzi au kuishiwa nguvu, na maumivu yanayoandamana na homa, vyote huhitaji kuonwa hospitalini upesi.

Mzigo na pumzi

Mwaka wa 1986, Geoffrey Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha katika jarida la Nature utafiti kuhusu kina mama wa Kiluo wanaobeba mizigo utosini na wa Kikuyu wanaobeba kwa ukanda wa kichwani, ukanda kama ule wa majirani zao wa Embu na Meru. Waligundua kwamba wanawake hao waliweza kubeba hadi asilimia 20 ya uzani wa miili yao bila kutumia nguvu za ziada.

Ulimwengu ulistaajabu. Hata hivyo, utafiti huo ulipima hewa waliyovuta, haukupima maumivu ya shingo na mabega. Kubeba kwa ustadi hakumaanishi kubeba bila gharama.

Hapo ndipo swali la Travell linapofaa. Alimwuliza kila mgonjwa anafanya kazi gani, analala vipi, anaketi wapi, anabeba mkoba kwa bega lipi na anakula nini, kwani aliamini kwamba ukosefu wa usingizi na upungufu wa vitamini na madini ya chuma huyarudisha mafundo hata baada ya kutibiwa. Kwa mchumaji wa chai wa Mungania au Kinoro, maswali hayo yangegusa uzito wa kikapu, kubadilisha mikono, mapumziko mafupi ya kulinyoosha bega, na mtungi wa lita 20 ambao huenda ungefaa kubebwa kwa safari mbili.

Janet Travell alifariki tarehe 1 Agosti 1997 huko Northampton, Massachusetts, akiwa na umri wa miaka 95. Simons alimfuata mwaka wa 2010. Rais aliyemletea umaarufu alikuwa ametangulia kwa zaidi ya miaka 30, na mabishano kuhusu sindano zake yangali katika vitabu vya historia.

Lililobaki katika vyumba vya matibabu ni desturi yake ya kumwamini anayeumwa kabla ya kuiamini picha, na ya kupapasa mbali na pale anapoonyesha. Mama anayefika zahanati ya kijijini akishika sehemu ya mbele ya bega lake anastahili mhudumu atakayemwomba ageuke, na kumgusa nyuma.